Je, Simu Yako Inahitaji Kava?

Katibu wa jumuiya ana orodha ya michango kwenye simu. Mama wa sokoni ana akiba yake ya M-Pesa humo humo, na frateri anasalia Masifu kwenye simu hiyo hiyo. Kioo kikipasuka, simu yaweza kuwa inaita vizuri tu, ila namba ya siri haibonyezeki. Ndiyo maana swali la kava si la urembo.

Wapo wanaosema vioo vya siku hizi ni vigumu, kava la nini? Kwa sehemu wana haki. Kioo cha aina ya Gorilla Glass, kinachotengenezwa na kampuni ya Corning ya Marekani, huzamishwa katika chumvi iliyoyeyuka yenye joto la nyuzi 400 hivi. Chembe za sodiamu hutoka katika uso wa kioo na nafasi zake huchukuliwa na za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi. Zikibanana humo, uso wa kioo hukazwa, na ufa hupata shida kuanza. Lakini kioo hubaki kioo. Chembe za mchanga wa kawaida ni ngumu kukishinda. Tunalaumu funguo mfukoni, kumbe mara nyingi mkwaruzaji ni mchanga uliofuatana nazo, na palipokwaruzwa ndipo ufa unapopata mlango.

Adui mkubwa zaidi ni kona. Simu ikiangukia kona, kishindo chote hupokelewa na sehemu ndogo mno. Kava laini la raba au silikoni hubonyea, hivyo simu husimama polepole kidogo badala ya ghafla. Ni kama tofauti ya kuangukia godoro na kuangukia sakafu. Unaponunua, pitisha kidole ukingoni: kava liinuke kidogo juu ya kioo, ili simu ikilazwa kifudifudi kioo kisiguse meza. Kava la plastiki ngumu na nyembamba, hata likiwa na picha ya somo wako, huzuia mikwaruzo kuliko linavyozuia mpasuko.

Kava nalo lina hasara zake, na kubwa ni joto. Betri za lithiamu huzeeka haraka zikipata joto. Apple, kwa mfano, hushauri iPhone itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na kama simu inapata moto ikichajiwa ndani ya kava, kava livuliwe kwanza. Mchana wa Februari pale Dar es Salaam hauko mbali na kikomo hicho. Basi, simu ikichemka kwenye chaji, ivue. Na usiifunike kwa mto.

Mchanga pia huingia kati ya kava na simu na kuisugua kimyakimya, kwa hiyo lifungue mara kwa mara ulifute. Makava ya kukunja yenye sumaku huvuruga dira ya simu, na kadi ya benki yenye mstari mweusi isikae karibu na sumaku hiyo.

Kwa maoni yangu, asiyehitaji kava ni yule ambaye simu yake haiondoki mezani, na watu hao ni wachache. Lile kava lako angavu lililogeuka njano halikuchafuka. Ni jua na joto vimelibadilisha, na sabuni haitalirudisha. Likianza kukakamaa au kulegea konani, nunua jingine.