Madoa ya Chura: Pambo au Maradhi?

Tunaofuga chura wa kijani hapa Lidcombe, kwa leseni, tusishtushwe na kila doa. Vitone vyeupe, rangi kugeuka kahawia penye baridi, hata kujibandua ngozi na kuila, ndiyo maumbile yake.

Tuhofu tumbo likiwa jekundu, ngozi ikibanduka mfululizo, au akilazwa chali asiweze kujigeuza. Huenda ni kitridi, maradhi ya kuvu yaliyoonekana mwaka 2003 kwa vyura wa Kihansi, Tanzania, walipokuwa wakitoweka.

Tumtenge, tuvae glavu, tumwone daktari wa wanyama. Maji yake tusiyamwage katika kijito cha Haslams: kinaelekea Homebush, waliko vyura adimu ambao mabaka yao ya dhahabu ni pambo tu.