Mama, kiwanda cha Belper na kijana aliyeitwa msaliti

KAMA unaota kwamba siku ukikanyaga Ulaya utalala hoteli ya nyota tano, pole sana ndugu yangu. Mimi nilipokwenda Uingereza Juni iliyopita nililala ndani ya gari! Tena hatukuwa wawili, tulikuwa wanne: dada yangu anayeishi Leicester, mumewe, mimi, na mama yetu mzazi mwenye miaka 74.

Usicheke kwanza. Gari lenyewe lilikuwa refu, jeupe, lina nyumba ndani yake. Vitanda vipo, jiko la gesi lipo, friji na sinki vipo. Choo nacho kipo, ila mtanisamehe, uchafu wake unaingia kwenye sanduku la plastiki ambalo lazima mtu alibebe akalimwage. Nadhani unajua kazi hiyo alipewa nani. Shemeji alilikodi gari hilo kwa siku tatu, na kwa kuwa kule wanaendesha kushoto kama kwetu, hakupata taabu.

Mimi nilitaka twende Manchester nikauone uwanja wa Old Trafford. Dada akakataa kata kata. "Safari hii ni ya mama," akasema. "Tunakwenda Belper."

Belper? Ndiyo nini tena hiyo? Kumbe ni mji mdogo huko Derbyshire, kando ya mto Derwent. Hakuna disko la maana wala maduka ya kuringia. Kuna viwanda vya zamani vya nyuzi za pamba. Na mama, kwa wasiomjua, alifanya kazi miaka 19 kwenye kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam, kitengo cha kusokota nyuzi. Mwaka 1994 walipopunguzwa wafanyakazi, naye akapunguzwa. Toka siku hiyo akawa anauza maandazi, na habari za kiwanda hakutaka kuzisikia.

Tulifika jioni, tukaegesha kwenye shamba la mkulima mmoja anayepokea magari ya aina hiyo. Saa tatu usiku jua bado linawaka! Mama akapika chapati kwenye kale kajiko, gari zima likanukia kama Kariakoo.

Asubuhi tukashuka mjini. Bwana wee, lile jengo si mchezo! Linaitwa North Mill, ni la matofali mekundu, ghorofa tano, na limesimama tangu mwaka 1804. La kwanza liliungua mwaka 1803, ndipo William Strutt akajenga hili jipya kwa nguzo za chuma na dari za matofali ili moto usipate cha kula. Wakati huo majengo ya aina hiyo yalikuwa machache mno duniani.

Mama akalitazama kwa muda mrefu. "Walifanya la maana," akasema. "Vumbi la pamba ni kama petroli. Sisi tulikuwa tunaliogopa kuliko bosi."

Pembeni yake mto umekingwa kwa ukuta wa mawe uliopinda kama kiatu cha farasi, umekuwapo tangu 1797. Maji hayo ndiyo yaliyozungusha magurudumu, na magurudumu yakazungusha mashine. Baba yake William, Jedediah Strutt, alikuwa mshirika wa Richard Arkwright, yule aliyefungua kiwanda cha nyuzi cha nguvu za maji pale Cromford, jirani tu, mwaka 1771. Bonde lote hilo liliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001.

Wafanyakazi walijengewa nyumba, na mtaa wa Long Row bado watu wanaishi hadi leo. Lakini usidhani yalikuwa maisha ya raha. Watoto wadogo nao walipiga mzigo humo. Darini kulikuwa na chumba cha kuwafundishia kusoma. Sheria ya kuzuia wenye umri chini ya miaka tisa wasiajiriwe kwenye viwanda vya nguo ilikuja mwaka 1833.

Sasa sikiliza kasheshe yenyewe. Hapa Belper alizaliwa kijana mmoja mwaka 1768, jina lake Samuel Slater. Alijifunza kazi kwa huyo huyo Jedediah Strutt. Enzi hizo sheria ya Uingereza ilikataza fundi wa mitambo ya nguo kuhamia nje, na michoro ya mashine haikuruhusiwa kutoka. Slater akafanyaje? Akaweka mashine zote kichwani! Mwaka 1789, akiwa na miaka 21, akazamia Marekani kimya kimya, akijifanya mkulima. Kufika Pawtucket, jimbo la Rhode Island, akaunda mitambo ile ile. Wamarekani wanamwita baba wa viwanda vyao. Kwao Belper wakamwita Slater msaliti.

Unajiuliza yanatuhusu nini? Lile shuka la bibi yako linaitwaje? Merikani! Viwanda vya pamba vilipozagaa sehemu ile ya Marekani baada ya Slater, meli zao zilileta vitambaa Zanzibar, zikarudi na pembe za ndovu. Na pamba yenyewe kule kusini ilichumwa na watumwa. Kitambaa kimoja, machozi ya watu wengi.

Nilipommalizia mama hadithi hiyo alinyamaza. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kutuambia.

"Sisi tulikuwa tunapekuliwa getini kila siku. Miaka 19. Wanakupapasa mpaka kwenye kilemba, kama umeficha uzi. Siku ya mwisho nimepewa barua, bado wakanipekua." Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Huyo kijana si msaliti. Hakubeba kitu cha mtu. Ufundi ulikuwa wake."

Dada akaangalia pembeni. Shemeji, ambaye huwa hakosi la kusema, akakosa. Mimi nilikuwa nikikumbuka ada zangu za shule, nikijua sasa zilipita geti lipi.

Mama akaomba picha. Akasimama mbele ya jengo, akanyoosha mgongo, akakaza uso kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho cha kazi. Picha hiyo iko sebuleni kwetu mpaka leo, juu ya televisheni.

Old Trafford sikuiona. Na jioni ile sanduku la choo lilikuwa limejaa tena.