Kuondoa Rangi Kuukuu Kwenye Vioo vya Gari



Kikundi kimoja cha akina mama nilichokuwa nikikitembelea kilinunua gari kuukuu la kubebea maziwa. Mwenye gari wa kwanza alikuwa akiuza mikate, na alikuwa amepaka rangi vioo vya ubavuni na cha nyuma. Siku moja dereva akirudi nyuma, nusura amkanyage mtoto. Akina mama wakasema, hii rangi lazima itoke. Kijana mmoja akajitolea, akachukua msasa, akasugua siku nzima. Rangi ilitoka kweli, lakini kioo kilibaki na ukungu usiooshwa kwa chochote. Pesa za mzunguko za miezi miwili zikaenda kununua vioo vingine.

Yule kijana hakuwa mvivu wala mjinga. Ni vile hakuna aliyekuwa amemweleza. Basi tuelezane.

KIOO HAKINYWI RANGI

Mbao hunywa rangi, na ukuta pia hunywa. Kioo hakinywi. Rangi imeshika juu tu, kama ugali uliokauka kwenye sahani. Ukiuloweka kwanza, unatoka bila vita. Kinachoharibu kioo ni mchanga, na msasa ni mchanga uliogandishwa kwenye karatasi. Hata vumbi la barabarani lina mchanga. Kwa hivyo neno la kukumbuka ni moja: loweka, usisugue.

ANGALIENI KWANZA

- Je, ni kioo kweli? Madirisha mengine ni ya plastiki. Gonga kwa sarafu: plastiki hutoa sauti butu. Kama ni plastiki, usitumie wembe wala thina.
- Kioo cha nyuma kina nyaya nyembamba upande wa ndani? Hizo ni za kupasha kioo joto. Wembe utazikata. Tumia kitambaa tu, ukifuata mistari yake.
- Ule ukingo mweusi wenye vidoadoa kwenye kioo cha mbele si rangi ya kuondoa. Ulichomwa kiwandani, na unakinga gundi ya kioo isiharibiwe na jua. Uacheni.

JINSI YA KUFANYA

1. Wekeni gari kivulini. Juani spiriti na thina hukauka kabla ya kufanya kazi. Tena kioo kilichopata moto kikimwagiwa maji baridi chaweza kupasuka, hasa kama kina ufa.

2. Osheni kioo kwa maji mengi na sabuni mpaka vumbi lote liishe.

3. Loweka kitambaa cha pamba kwa spiriti, ukishikilie juu ya rangi kwa dakika chache, kisha pangusa. Kama ni rangi ya maji, italainika na kushika kwenye kitambaa. Ikikataa, hiyo ni rangi ya mafuta. Hapo tumia thina, kidogo kidogo na kwenye kitambaa, si kumwaga. Thina haichagui: ikifika kwenye bodi itaondoa rangi ya gari, na mpira wa dirisha utaharibika.

4. Rangi ikishalainika, paka maji ya sabuni. Chukua wembe mpya wenye kishikio, uulaze karibu na kioo, usukume mbele tu. Usiurudishe nyuma ukiwa bado umegusa kioo, maana unaburuta uchafu. Wembe ukiwa butu au ukishika kutu, tupa.

5. Kioo kikikauka kabla hujamaliza, ongeza maji. Usikwangue kioo kikavu hata kidogo.

6. Osheni tena, pangusa, mkitazame kioo kuelekea mwangaza. Mahali palipobaki rangi, rudieni kutoka hatua ya tatu.

JIHADHARINI

Wengi hutumia petroli kwa sababu iko karibu. Tafadhali, hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini bila kuonekana mpaka ufikie jiko la jirani, halafu moto unarudi kwako. Thina nayo inashika moto haraka. Fanyeni kazi nje, milango ya gari ikiwa wazi, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara. Vitambaa vilivyotumika vianikwe nje, mbali na moto na watoto.

Wale wanaotengeneza sabuni watasema, si tuko na kostiki soda? Hiyo inachoma ngozi na inaweza kupofusha macho, na inakula rangi ya bodi na aluminiamu. Iacheni kwa sabuni.

Jambo la mwisho ni kubwa. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo. Ndiyo sababu nyingine ya kukwangua kioo kikiwa na maji: rangi iliyolowa hairuki hewani. Tandazeni karatasi ya nailoni chini, mkusanye magamba yote, msiyafagilie uani ambapo kuku na watoto wanacheza. Na kila mtu anawe mikono kabla ya kula.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kabla ya kununua gari, ni nani kati yetu huketi mahali pa dereva aone kama nyuma panaonekana?
2. Kijana akijitolea kufanya kazi ya kikundi, ni nani humwelekeza kabla hajaanza?
3. Kitu kikiharibika, tunamlaumu mtu, au tunakaa pamoja tujue sababu?