KULA KIKOA MAHALI PA KAZI: UTARATIBU NA TAHADHARI

Kula kikoa ni desturi ya siku nyingi ya Waswahili. Watu hukubaliana kula pamoja, kila mmoja akatoa alichonacho au akashika zamu yake, pasiwe na mwenyeji wala mgeni. Desturi hiyo imeingia pia katika afisi, skuli na vituo vya afya vya Unguja na Pemba. Watumishi hukutana kwa chakula anapoagwa mstaafu, anapohamishiwa mwenzao kisiwa cha pili, baada ya sikukuu ya Idd, au kwa futari katika mwezi wa Ramadhani.

Jambo lenyewe ni jema, kwani mkurugenzi na mhudumu hukaa jamvi moja na kuchota sinia moja. Hata hivyo, chakula kilichotoka katika majiko ishirini hubeba pia hatari za majiko ishirini. Sufuria moja iliyoharibika huweza kuwalaza watumishi wa idara nzima, na mwananchi aliyetoka shamba kufuata shida yake akakuta dirisha limefungwa. Kwa sababu hiyo, kikoa kinahitaji utaratibu.

Matayarisho

Siku ipangwe angalau wiki moja kabla, kwa ruhusa ya mkuu wa afisi. Ateuliwe mtu mmoja wa kuandika orodha ya kila mtumishi na chakula atakacholeta. Pasipo na orodha, huja masinia matano ya pilau na lisipatikane hata bakuli moja la mchuzi. Si lazima kila mtu apike cha kuwatosha wote. Katika afisi ya watu 30, kila mpishi akileta cha watu wanne au watano, chakula kitatosha na kusaza, maana kila mlaji huchukua kidogo kidogo. Watumishi wale kwa makundi mawili ili dirisha la huduma lisibaki tupu.

Mchango

Kikoa ni hiari. Mshahara wa mhudumu haulingani na wa mkuu wa idara, na karatasi inayobandikwa ukutani kuonesha nani ametoa kiasi gani humfedhehesha mwenye kidogo. Aliyeleta sahani ya visheti au chane ya ndizi, au aliyejitolea kuosha vyombo, amechangia sawa na aliyeleta kuku. Asiyeweza asiulizwe sababu. Wapo pia wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, na wenye maradhi ya sukari au shindikizo la damu; hao wasishurutishwe kula. Mwananchi anayesubiri huduma asiombwe mchango wa aina yoyote.

Muda wa chakula

Jambo linaloharibu vikoa vingi ni muda baina ya kupika na kula. Vijidudu vya maradhi hustawi chakula kikiwa na joto la baina ya digrii 5 na 60 za Selsiasi, nalo ndilo joto la meza ya afisi. Vikipata nafasi, baadhi yake huongezeka maradufu kila dakika 20. Pilau iliyopikwa saa 11 alfajiri na kuliwa saa 7 mchana imekaa saa nane, muda ambao kijidudu kimoja huweza kuwa zaidi ya milioni 16. Wali una hatari ya peke yake: mbegu za kijidudu chake huvumilia kuchemshwa, na sumu kinayoiacha haiondoki kwa kupasha moto tena.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Anayekaa mbali na kazini alete vitu vikavu kama maandazi, mikate ya kumimina au matunda yasiyomenywa. Wali, nyama na vyakula vya nazi, ambavyo huchacha upesi, waachiwe wanaokaa karibu au vipikwe palepale.

Vitu vya kuangaliwa zaidi

Jodari na vibua wakikaa nje ya barafu hufanya sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Alaye huiva uso, akawashwa mwili na kuumwa na kichwa. Samaki wa kikoa anunuliwe siku ileile na apikwe mapema baada ya kununuliwa.

Nyama ya kasa isiletwe kabisa. Huweza kuwa na sumu ambayo moto hauiondoi, na kasa mwenyewe analindwa kwa sheria. Mwezi wa Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kuila. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, walifariki tisa, wanane kati yao wakiwa watoto.

Maji ya kunywa na ya kutengenezea juisi yachemshwe, na mboga za kachumbari zioshwe kwa maji salama. Mtu anayeharisha au kutapika asipike, hata kama jina lake limo katika orodha, mpaka zipite siku mbili tangu apone. Huyo hapaswi kuona haya kusema. Akinyamaza huwadhuru wenziwe wote.

Iwapo watu wataugua

Wakiugua watu wawili au zaidi baada ya kikoa, wapelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, na wanaoharisha waanzishiwe maji ya dawa ya chumvichumvi. Chakula kilichobaki kisiliwe wala kisitupwe. Kifunikwe na kuwekwa mahali pa baridi mpaka maafisa wa afya wakione. Orodha iliyoandikwa mwanzo ndiyo itakayoonesha sufuria ipi ililiwa na wagonjwa wote. Haikuandikwa kwa ajili ya kumlaumu mtu, bali kumwahisha mgonjwa.

Wahenga walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kila mtumishi anakumbushwa kwamba sahani anayoipeleka kazini italiwa na watu wasioliona jiko lake, nao wataila kwa kumwamini.