Jasusi Aliyepita Mbale

Katika mazungumzo yetu ya juma hili tuitazame senema moja ya ujasusi ambayo wengi wenu mmeiona, ama katika majumba ya senema, ama mitaani kwenye mabanda ya video, mfasiri akiwasimulia kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake mwenyewe. Ni Casino Royale ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Martin Campbell, ambayo Daniel Craig alicheza James Bond kwa mara ya kwanza. Nimeichagua kwa sababu kisa chake kinaanzia jirani tu hapa, Uganda, na kwa sababu uzuri wake na ubovu wake vimetoka katika sanduku moja la fedha.

Hebu tulifungue sanduku hilo. Jemadari mmoja wa waasi, Obanno, anamkabidhi fedha taslimu bwana aitwaye Le Chiffre, ambaye kazi yake ni kuwatunzia wauaji mali zao. Le Chiffre hazitunzi. Anacheza nazo kwenye soko la hisa. Anaazima hisa za kampuni ya ndege, anaziuza wakati bei iko juu, akitumaini bei itaporomoka ili azinunue tena kwa bei ya chee, awarudishie wenyewe na kubaki na tofauti. Sasa bei itaporomokaje? Anapanga ndege mpya ya kampuni hiyo ilipuliwe huko Miami! Bond anaizuia hila hiyo, bei haishuki, na zaidi ya dola milioni 100 zinapotea. Ndipo Le Chiffre anapoandaa mchezo wa karata, dau la kuingia dola milioni 10, ili azirudishe kabla wenyewe hawajamfikia.

Hapo ndipo penye nguvu ya senema hii. Katika ile iliyotangulia, ya mwaka 2002, Bond aliendesha gari lisiloonekana kwa macho, na adui alikuwa na mtambo angani wa kuunguza nchi. Nani ataogopa vitu vya namna hiyo? Lakini mtu aliyekula fedha za watu, na wenye fedha wakamjia hotelini usiku na panga mkononi, huyo tunamwelewa. Kila mtaa unamjua aliyekula fedha za upatu.

Nguvu ya pili ni kwamba ndani ya senema hii watu wanaumia. Bond anapigana na Obanno kwenye ngazi za hoteli, hakuna muziki wa mbwembwe wala mzaha, anamnyonga kwa taabu. Kisha tunamwona mbele ya kioo, damu imemchafua. Mwenzake Vesper, mhasibu aliyetumwa kulinda fedha za serikali ya Uingereza, anaketi chini bafuni na nguo zake, maji yakimmwagikia. Bond anaketi kando yake. Basi. Senema nyingi za bunduki huua watu hamsini bila kutupa dakika moja kama hiyo.

Na mbio zile za mwanzo nazo zisisahauliwe. Mkimbizwaji ni Sébastien Foucan, Mfaransa ambaye ni bingwa kweli wa kuruka kuta. Yeye anapenya kama paka kwenye kijidirisha, Bond anafuata kwa kuuvunja ukuta. Kwa kitendo hicho kimoja mmeshamjua Bond ni mtu gani, wala hakuna aliyefungua mdomo.

Tuje kwenye ubovu. Senema ina dakika 144, na Le Chiffre akishauawa inaendelea mpaka Venice kana kwamba inaanza upya. Mkono wa mwisho wa karata nao ni kichekesho: wachezaji wanne, na kila mmoja amepata karata ambazo mcheza kamari angezisubiri miaka. Hayo yanasameheka.

Lisilosameheka kirahisi ni lile sanduku. Chini ya picha kunaandikwa Mbale, Uganda, nasi tunaonyeshwa kambi ya waasi msituni, mvua inanyesha. Msitu huo uko Uingereza. Mbale yenyewe ni mji wa biashara chini ya Mlima Elgon, mji wa kahawa. Vita vya waasi wa Kony vilikuwa kitovu chake kaskazini, kuelekea Gulu na Kitgum. Mara baada ya hapo tunapelekwa Madagaska, ambayo ilipigwa picha Bahama, na watu wanacheza kamari wakimpambanisha nguchiro na fira. Madagaska haina fira hata mmoja. Wala msiniambie kuja huku ni taabu: The Last King of Scotland, ya mwaka huo huo wa 2006, ilipigwa picha Uganda.

Angalieni basi uzito wa jambo lenyewe. Mwezi wa Julai mwaka huo mazungumzo ya amani yalikuwa yameanza huko Juba, na kaskazini mwa Uganda zaidi ya watu milioni moja walikuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Watunzi walikuwa na akili ya kutosha kuona kwamba fedha za jemadari wa msituni zinaweza kufika kwenye soko la hisa la wakubwa. Wazo zuri sana. Lakini hawakuuliza jemadari alizipata kwa nani. Hatumwoni mkulima mmoja, wala mama mmoja aliyeporwa. Tunawaona vijana wenye bunduki tu, kisha Obanno anauawa, maiti yake inatiwa kwenye buti la gari ili mtu mwingine asingiziwe, na mchezo wa karata unaendelea.

Mwishoni, huko Venice, Vesper anakufa maji kwa ajili ya fedha za karata zile, na mkoba unachukuliwa na mtu mwingine kabisa, aliyevaa suti safi. Bond anamfuata na kumpiga risasi ya mguu. Anajitambulisha jina. Mbale haitajwi tena.