Mteja Kakutukana Inboksi? Pumua Kwanza, Ndio Ujibu



Leo siongelei picha kali wala namna ya kupanga bei. Naongelea kitu ambacho hakimo kwenye daftari la mauzo lakini kinakula faida kuliko hata bando. Kichwa chako wewe muuzaji.

Sisi tunaouza mtandaoni duka letu lipo mfukoni, na halifungwi. Mwenye fremu Kariakoo akishusha geti jioni, amefunga. Wewe saa tano usiku upo kitandani, simu inalia, mteja anauliza bei. Unajibu hapo hapo. Tiki za bluu, kisha kimya. Unaanza kuwaza: bei imekuwa kubwa? Nimejibu vibaya? Kaenda kwa yule anayeshusha bei? Asubuhi unaamka umechoka na hujauza kitu. Na siku ukikutana na mteja wa matusi, ndio kabisa, siku nzima imeharibika.

Kwa hiyo leo nawaletea busara za mtu mmoja wa zamani sana, Buddha. Usiogope, sikuambii ubadili dini. Msikitini nenda, kanisani nenda. Tunachukua kinachotufaa tu, kama unavyonunua sufuria kwa mtu bila kumuuliza anasali wapi.

BUDDHA ANAHUSIANA NINI NA BIASHARA?

Jina lake lilikuwa Siddhartha Gautama. Wabuddha wanasimulia kwamba alizaliwa Lumbini, eneo ambalo leo lipo Nepal, miaka kama 2,500 iliyopita, kwenye familia ya watawala. Akiwa na miaka 29 aliacha raha zote akatafute jibu la swali moja: kwa nini binadamu anateseka, na anatokaje huko? Baada ya miaka sita ya kuhangaika alikaa chini ya mti mahali panapoitwa Bodh Gaya, India, akatuliza akili mpaka akapata jibu. Neno Buddha maana yake ni aliyeamka.

Wengi wanadhani mafundisho yake ni ya watawa wa milimani tu. Lakini masimulizi yao yanasema watu wa kwanza kumfuata baada ya pale mtini walikuwa wafanyabiashara wawili, Tapussa na Bhallika, waliokuwa wanapita na msafara wa mizigo wakampa chakula. Na mfadhili wake mkubwa alikuwa tajiri wa mji wa Savatthi aliyeitwa Anathapindika. Yaani wenye mizigo tulikuwepo tangu siku za mwanzo. Hata Dar es Salaam kuna hekalu la Wabuddha, lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka tangu enzi za mkoloni.

Sasa tuingie kazini.

1. TUSI NI KAMA CHAKULA CHA MGENI

Kuna kisa kwenye maandiko yao. Bwana mmoja wa ukoo wa Bharadvaja alikasirika kusikia mtu wa ukoo wao kamfuata Buddha. Akamwendea na kumporomoshea matusi ya kila aina. Buddha akamwacha amalize, kisha akamuuliza kama huwa anapata wageni nyumbani. Akasema huwa anapata. Anawaandalia chakula? Ndio, anawaandalia. Na wageni wasipokula, chakula kinabaki kuwa cha nani? Bwana akakubali kwamba kinabaki kuwa cha mwenye nyumba. Basi Buddha akamwambia kuwa na matusi yake ni hivyo hivyo. Yeye hakuyapokea, kwa hiyo yamebaki kwa mwenyewe.

Wewe ukimjibu mteja tusi kwa tusi, umekaa mezani kwake na unakula naye.

Ila hapa wengi wanachanganya. Kutopokea tusi sio kumpuuza mteja. Mtu akikuandikia "we tapeli mkubwa, gauni limekuja rangi nyingine", ndani ya hiyo meseji kuna vitu viwili. Lalamiko ni mzigo, tusi ni mfuko uliobeba mzigo. Pokea mzigo, mfuko acha hapo hapo. Gauni la rangi nyingine ni lako kulishughulikia hata kama angekuandikia kwa upole.

Na tusidanganyane. Kama picha uliyoweka sio ya mzigo wako, ukaandika "orijino" wakati sio, mteja akikuita muongo hajakutukana. Amekuambia ukweli. Buddha alifundisha pia kwamba riziki iwe ya halali, na mizani ya uongo aliikataa waziwazi. Kwetu sisi picha ndio mizani. Hakuna kupumua kunakosafisha picha ya uongo.

2. MSHALE WA PILI

Mfano mwingine wa Buddha: mtu kachomwa mshale. Anaumia, hilo halina ubishi. Lakini baadaye anaanza kulia, kulaani, kujiuliza kwa nini yeye. Hapo ni kama kachomwa mshale wa pili. Ule wa kwanza umetoka nje. Wa pili unatoka ndani yake mwenyewe.

Mfano wa kwetu. Mteja kaagiza, boda kafika, simu ya mteja imezimwa. Umepoteza 5,000 ya boda. Huo mshale wa kwanza, unauma, na kwenye kazi yetu hauepukiki kila siku. Halafu unaanza: watu wa nchi hii bwana, biashara hii nina mkosi nayo, naacha. Jioni nzima umenuna. Wanakuja wateja watatu wenye hela zao, unawajibu mkato, "ipo", "elfu ishirini", "sipunguzi". Wote wanaondoka. Ile 5,000 imeshazaa hasara ya 60,000 ya mauzo, na hiyo huwezi kumdai yule aliyezima simu.

Mimi hili nimelipitia. Desemba iliyopita nilituma viatu Mwanza kwa basi. Dada mmoja alivitaka kwa ajili ya sendofu ya mdogo wake, Jumamosi. Mzigo ukashushwa Shinyanga kimakosa. Ijumaa usiku akaandika chini ya picha yangu: "Msinunue hapa, huyu mwizi." Wengine wakadandia. Mikono ilitetemeka kweli, maana pale wateja wangu wote walikuwa wanasoma. Risiti ya basi nilikuwa nayo, ningeweza kumuumbua mbele ya watu. Nikaweka simu juu ya kabati, nikakaa chini, nikahesabu pumzi mpaka mikono ikatulia. Halafu nikamjibu pale pale hadharani: "Dada yangu, pole sana. Mzigo upo Shinyanga, risiti nakutumia inboksi. Usipofika kabla ya shughuli, hela yako yote narudisha na nauli ya kuurudisha ni juu yangu."

Haukufika. Nilirudisha 45,000 yote, na kwa mtaji wangu hiyo sio hela ndogo. Na nisiwadanganye kwamba aliomba msamaha. Hakurudi, na komenti hakuifuta. Lakini wiki iliyofuata mtu nisiyemjua akaniandikia: "Nimeona ulivyomjibu yule dada. Naomba namba 39." Anayetukana ni mmoja, wanaosoma ni wengi.

3. UNAKAAJE NA PUMZI

Hii ndiyo tafakuri yenyewe. Haihitaji chumba maalumu, ubani wala muziki.

Asubuhi, kabla hujawasha data, kaa. Kiti, kitanda, sakafu, popote. Mgongo unyooke bila kukakamaa. Angalia pumzi inavyoingia na kutoka puani, usiilazimishe. Ikitoka, hesabu moja. Ikitoka tena, mbili. Fika kumi, rudi moja. Akili itakimbia tu, utajikuta unawaza deni la mwenye nyumba au mzigo uliokwama bandarini. Sio dhambi, wala hujafeli. Ukigundua umepotea, rudi moja bila kujigombeza. Kule kugundua na kurudi ndio zoezi lenyewe. Dakika tano zinatosha kuanzia.

Unajifunza nini? Unazoea kuona hasira inakuja kabla haijafika kwenye vidole. Siku mteja akikuwasha, tayari unajua njia ya kurudi.

Anayesema mfanyabiashara hana muda wa haya amsikilize S. N. Goenka. Alizaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924, akawa mfanyabiashara mkubwa. Alikuwa anasumbuliwa na kipandauso kikali. Mwaka 1955 akaenda kujifunza tafakuri kwa U Ba Khin, ambaye naye hakuwa mtawa, alikuwa mhasibu mkuu wa serikali ya Burma. Goenka akaendelea kufanya mazoezi hayo kwa miaka 14 akiwa mtu wa biashara na familia, kisha mwaka 1969 akaenda India kufundisha. Mhasibu kamfundisha mfanyabiashara, hao ni watu wa hesabu kama sisi. Hata hospitali wameichukua: mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha kule Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kutuliza msongo kwa njia hii, bila kumdai mtu abadili dini.

4. MASWALI MATANO KABLA YA KUTUMA

Buddha alitaja alama tano za neno zuri. Mimi nimezigeuza maswali, nimeyabandika nyuma ya kava la simu:

Je, ni wakati wake? (Saa sita usiku umekasirika, sio wakati.)
Je, ni kweli? ("Mzigo upo njiani" wakati hujautuma, sio kweli.)
Je, ni laini? (Soma kwa sauti kama vile unaambiwa wewe.)
Je, linasaidia? (Linatatua tatizo au linakupa tu raha ya kushinda?)
Je, nalisema kwa nia njema?

Likikosa hata moja, futa, andika upya. Na nia njema haizuii kusema hapana. "Kaka, kwa bei hiyo siwezi, nitapata hasara. Karibu siku nyingine." Laini, kweli, na umemaliza. Mteja anayetukana kila siku unaruhusiwa kumfungia. Mfungie ukiwa umetulia, sio kwa kumkomoa.

5. HOFU NYINGINE INATOKA KWENYE HESABU

Mara nyingine kinachokunyima usingizi sio mteja, ni kwamba umekula mtaji na Jumatatu unatakiwa kulipa mali kauli. Hapo hata ukae na pumzi saa tatu, deni lipo pale pale. Buddha hili alilijua. Kijana mmoja aliyeitwa Sigala alipewa ushauri wa kugawa mapato mafungu manne: moja la matumizi, mawili ya kuendeleza kazi, moja la akiba kwa siku ya shida.

Tuseme wiki hii umepata faida ya 80,000 baada ya kutoa gharama zote. 20,000 kula na vocha, 40,000 rudisha kwenye mzigo, 20,000 iweke isikoguswa. Ile akiba ndiyo inayokupa ujasiri wa kumwambia mteja "hela yako narudisha" bila sauti kutetemeka. Mimi ile 45,000 ilitoka humo. Bila hilo fungu, upole wangu wote ungeishia kwenye maneno.

KAZI YA WIKI HII

Siku saba. Dakika tano za pumzi kabla ya data. Meseji ya kukera ikija, pumzi kumi kabla ya kugusa kibodi. Na usiku chagua saa ya kufunga duka, andika kwenye stetasi: "Oda zinajibiwa kuanzia saa moja asubuhi." Anayetaka kweli atasubiri.

Wateja wagumu wataendelea kuwepo, na boda atarudi na mzigo siku nyingine. Hayo ni ya kazi. Lakini tusi lililoletwa mlangoni kwako, uamuzi wa kuliingiza ndani ni wako.

Hifadhi posti hii, halafu mtumie yule mwenzako anayegombana na wateja kila wiki. Na wewe, tusi gani la mteja hujalisahau mpaka leo? Lishushe hapo chini, tulifanyie mazoezi ya kulijibu pamoja.

Mauzo mema.