Nyumba Inayopanda Ngamia

Aqal, nyumba ya Msomali mfugaji, huanza na swali la uzito. Ngamia wa mizigo hubeba kilo 150 hadi 200 hivi, na juu ya mgongo wake lazima ipatikane nafasi ya kuta, paa, malazi, vyombo vya maziwa, na pengine mtoto au mgonjwa asiyeweza kutembea. Kisichopakizika hakijengwi. Kwingineko wasanii huenda kuwatafuta wanasayansi, na wahandisi huwabembeleza wachoraji. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, hakuna aliyehitaji kumtafuta mwenziwe. Kuhama kuliwaweka wote ndani ya kichwa kimoja, na mara nyingi kichwa hicho kilikuwa cha mwanamke.

Nyumba ni ya mwanamke kweli kweli. Yeye ndiye anayeitengeneza, kuisimamisha na kuibomoa, na kwa desturi bibi harusi huingia kwenye ndoa na aqal iliyoandaliwa na mama yake pamoja na jamaa na majirani. Kazi huanza porini kwa kuchagua fito na mizizi inayopindika bila kuvunjika. Mti uitwao mareer hupendwa kwa sababu matawi yake ni membamba, marefu na yenye unyumbufu. Fito hukatwa zikiwa mbichi, hupindwa taratibu, hufungwa, kisha huachwa zikauke katika umbo la upinde. Sayansi ya mbao ina maelezo yake: maji yaliyomo ndani ya mti mbichi hulegeza ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi zake, nyuzi zikateleza kidogo kila moja kwa nafasi yake, na mti ukikauka, gundi inakaza na umbo jipya linabaki.

Fito hizo zikisimikwa katika duara na kufungwa kwa kamba kila zinapokutana, jambo la ajabu hutokea. Hata baada ya kukauka, kila ufito bado unataka kunyooka kidogo, na mwenziwe anauzuia. Ugomvi huo ndio nguvu ya nyumba. Hakuna msumari, na fundo likilegea linafungwa upya. Kwa kuwa umbo ni kuba, upepo wa kiangazi kirefu cha jilaal haupati ukuta wa kusukuma. Unapanda juu na kupita.

Mwaka 1975, mjini Mannheim, Ujerumani, msanifu majengo Frei Otto na wenzake walisimamisha ukumbi uitwao Multihalle. Walifunga wavu mpana wa mbao nyembamba ukiwa umelala, kisha wakauinua mpaka ukapinda na kuwa paa. Ili kulipata umbo lake walitundika kielelezo cha minyororo midogo, wakapima jinsi inavyoning'inia, halafu wakaligeuza umbo hilo juu chini. Mwaka 2015 Otto alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Sidai kwamba alijifunza kwa wafugaji wa Afrika Mashariki. Ninachosema ni kwamba kanuni iliyowafanya wahandisi wa Ulaya wapigwe na butwaa, yaani mbao nyembamba kupata nguvu kwa kupindwa, ilikuwa kazi ya asubuhi moja kwa mwanamke aliyefika malishoni na ngamia wake wakiwa wangali wamechoka.

Juu ya fito hutandazwa mikeka mizito, ile inayojulikana Garissa kama herio. Nyuzi zake hutolewa katika gome la ndani la miti kama galool, aina ya mgunga. Gome hupondwa au kutafunwa mpaka lilainike, kisha husokotwa. Upande mmoja wa mkeka huachwa na nyuzi zinazoning'inia kama manyoya, na maji ya mvua hufuata nyuzi hizo mpaka chini badala ya kupenya. Nyuzi zikilowa huvimba na matundu madogo yanazibika. Jua likirudi zinasinyaa, na hewa inapita tena. Jioni, mikeka ya upande wa upepo huinuliwa kidogo chini ili baridi iingie. Wapo wanaoitundika mikeka hii kwenye kuta za maonyesho na kuiita mapambo. Mistari na rangi zake zinastahili kutazamwa, naam, lakini mkeka ulioning'inizwa chumbani umenyang'anywa nusu ya maana yake, kwa kuwa hatuuoni ukilowa wala ukikauka.

Siku ya kuhama huonyesha ubunifu wote kwa pamoja. Mikeka iliyokuwa paa hukunjwa na kuzungushwa kwenye nundu ya ngamia, ikawa matandiko ya kumkinga na michubuko. Fito zilizokuwa mbavu za nyumba hufungwa ubavuni, ncha zao zilizopinda zikiinuka juu, na kati yake hupatikana kiota cha mtoto au cha vyombo. Kamba ni zile zile. Nyumba haibebwi na tandiko. Nyumba ndiyo tandiko. Labelle Prussin, msanifu wa Kimarekani aliyehariri kitabu kikubwa kuhusu usanifu wa wahamaji wa Afrika mwaka 1995, alionyesha kwamba jamii za ngamia, wakiwemo Wagabra na Warendille wa kaskazini mwa Kenya, wanashiriki wazo hili la nyumba na matandiko kuwa kitu kimoja. Nami nadhani hapo ndipo penye usanii wa hali ya juu, kuliko hata kwenye nakshi: kitu kimoja kufanya kazi mbili bila kuonekana kimelazimishwa.

Chakula nacho kilipitia mtihani huo huo wa kuhama. Nyama ilikatwa vipande vidogo, ikakaangwa ikaishiwa maji na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, ikawa nyirinyiri, ambayo leo inauzwa hata Nairobi. Maziwa ya ngamia yalihitaji akili zaidi. Chombo chake kilifumwa kwa nyuzi za mizizi kwa ufumaji wa kubana sana, na mafuta ya maziwa pamoja na masizi vikaziba kilichobaki. Kabla ya kukamuliwa humo, chombo hufukizwa kwa makaa ya mti maalumu. Moshi una kemikali jamii ya fenoli zinazoua bakteria wengi waharibifu, na huacha ile ladha ambayo mnywaji aliyeizoea huikosa mara moja maziwa yakija bila moshi. Yakiachwa yachachuke yanakuwa susa. Mwaka 2005 watafiti wa Kenya walichapisha orodha ya vijidudu walivyovikuta ndani ya susa ya kaskazini mashariki: bakteria wa asidi ya maziwa wa aina kadhaa, pamoja na hamira. Kwa hiyo fundi wa chombo alikuwa akifuga viumbe asiowaona. Hakuwajua kwa majina, lakini alijua mti gani wa kuchoma na siku ngapi za kusubiri.

Halafu likaja jerikani la plastiki. Ni jepesi, ni rahisi, linapakiwa kwenye basi la kwenda Eastleigh, Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa. Ila plastiki haivumilii makaa, na mikwaruzo ya ndani huwapa bakteria maficho. Huko Isiolo watafiti wamewakuta wafanyabiashara wakiyafukiza hata majerikani. Baadhi ya wataalamu wa usafi huona hapo ukaidi. Mimi naona watu waliobadilisha chombo na kukataa kuitupa kanuni.

Mzigo mwepesi kuliko yote ni wimbo, kwa hiyo haishangazi kwamba huko ndiko ufundi ulikokwenda mbali zaidi. Kuna nyimbo za kazi za kusuka mikeka, za kunywesha ngamia, za kusukasuka maziwa ili kutoa siagi. Axmed Cali Abokor aliziandikia kitabu mwaka 1993. Mashairi makubwa yalibebwa kwa kumbukumbu tupu, kwani Kisomali kilipata tahajia rasmi mwaka 1972 tu. Miaka minne baadaye mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, aliyejulikana kama Gaarriye, alieleza gazetini kule Mogadishu hesabu iliyojificha katika mashairi hayo: irabu fupi inahesabiwa moja, irabu ndefu mbili, na kila mstari una jumla yake. Ongeza sharti kwamba sauti moja ya mwanzo irudierudie katika shairi zima. Mwenye kughani akikosea neno, ama hesabu inagoma ama sauti inapotea, na msikilizaji anashtuka. Wahandisi wa kompyuta huweka tarakimu ya ziada kwenye ujumbe ili kosa la njiani ligundulike. Washairi walikuwa na kinga yao ndani ya mdundo, na ndiyo iliyowezesha shairi kuvuka mpaka wa Kenya na Somalia likiwa zima, na jina la mtunzi wake juu yake.

Je, mtihani wa kuhama ukiondolewa? Jibu liko Dadaab, ambako kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000, na wakati wa njaa ya 2011 wakazi wakapita 400,000. Kuba za fito zilijaa huko, zikiwa zimefunikwa kwa nguo kuukuu, magunia na maturubai ya misaada. Turubai huzuia mvua kuliko mkeka, lakini halipumui, na mchana ndani yake ni tanuri. Hata hivyo umbo lilidumu, na sababu mojawapo ni ya kisiasa: nyumba za kudumu hazikuruhusiwa, na mradi wa nyumba za matofali ya udongo huko Ifo 2 ulisimamishwa. Hivyo ujuzi wa kuhama ukahifadhiwa na watu waliokatazwa kuondoka.

Tatizo lao sasa ni fito. Miti ya karibu ilikatwa zamani, na wanawake wanaokwenda mbali kuitafuta hukutana na hatari porini. Uliozagaa kila mahali ni mathenge, mti wa kigeni ulioletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, ukageuka kero. Una miiba mikali na matawi yaliyojikunja ovyo. Unatumika kwa kuni, ua na nguzo. Kuupinda uwe ubavu wa nyumba ni kazi nyingine, na atakayeiweza atakuwa ameanza upya pale pale alipoanza yule wa mareer: kuukata ukiwa mbichi na kuona unakubali kiasi gani.